Hilo jua la kutengenezwa: mbona hamuulizi majivu yanatokea wapi?

Haya wadau, nimerudi. Najua kibaraza kimekaa kimya tangu Novemba, na wengine mmeshaanza kunong'ona kwamba nimeoa huku Arabuni kimya kimya. Sijaoa. Ni msimu wa baridi tu, na kwa sisi mafundi wa maboila baridi ndiyo mavuno. Viyoyozi vinapumzika, umeme unaohitajika unashuka, wenye mitambo wanapata nafasi ya kuzima, na sisi tunaingia matumboni mwa hayo madude na taa, vipimo na mashine za kuchomelea. Natoka kambini saa kumi alfajiri, narudi saa mbili usiku. Hapo ukioga na kula, hata jina lako unaliona refu kuliandika.

Leo ni Jumapili, nimelala mpaka saa nne, chai ya tangawizi ipo mezani, na nina jambo. Safari hii jambo lenyewe mmelianzisha ninyi.

Mpwa wangu (mnamjua, yule mrefu wa dada) ametuma video kwenye kundi la familia. Video ina muziki wa vita, duara linalowaka rangi ya zambarau, na maandishi makubwa kwamba jua la kutengenezwa limewashwa duniani na joto lake linazidi la jua lenyewe. Chini yake ameandika: "Mjomba shikamoo. Kwa hali hii miaka mitano ijayo maboila yote ni chuma chakavu. Naomba nihame kuchomelea niingie kompyuta." Na chini ya hapo dada kaongeza: "Anachosema mtoto kina maana." Shangazi kaweka vidole gumba vitatu. Hapo nikajua hapajibiwi kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, maana kijana yuko mwaka wa pili chuoni, ada naituma mimi, na uamuzi unatakiwa kabla muhula haujafunguliwa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kukasirika akasirike mapema. Hilo jua siyo uongo. Lakini mnaonyeshwa moto wakati shida iko kwenye ukuta. Tena siyo ukuta wote, ni ile sehemu ndogo chini ambako moto unatolea takataka zake. Na watu wanaojua chuma kinavyolika ndio watakaokuwa wa mwisho kukosa kazi, siyo wa kwanza.

Sasa nieleze polepole, bibi pia anasomewa haya.

Mtambo wa nyuklia tuliouzoea, kama ule wa Barakah kule Abu Dhabi wenye megawati 5,600, hupasua viini vya urani. Hili jua la kutengenezwa hufanya kinyume chake, linaunganisha viini vidogo vya haidrojeni. Aina mbili za haidrojeni, deuteriamu na tritiamu, zinagongana na kuwa heliamu, na humo hutoka nyutroni yenye nguvu kubwa. Ili zigongane hivyo lazima gesi ipashwe mpaka atomu zake zisambaratike. Gesi ya namna hiyo huitwa plazma. Katika mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa, joto linalokusudiwa ni nyuzi milioni 150, mara kumi ya kitovu cha jua. Hapo video haikudanganya. Hakuna chombo kinachoweza kushika kitu hicho, kwa hiyo kinaelea katikati ya sumaku, kwa umbo kama mpira wa ndani wa tairi, bila kugusa ukuta.

"Bila kugusa ukuta." Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu.

Tuache Ufaransa kidogo turudi Ngamiani. Wakubwa mnalikumbuka tanuri la mkate la babu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alikuwa akiita fundi wa kulijenga upya. Mimi mdogo nikidhani matofali yanayoanguka ni yale ya tumboni, pale kuni zinapowakia. Hapana. Tumbo lilikaa miaka. Yaliyokuwa yanaliwa ni matofali ya shingoni, pale moshi unapobanwa kuingia kwenye dohani. Babu akisema moto ukiwa tumboni umekaa, ukifika shingoni unakimbia. Fundi alikuwa anabadilisha matofali kumi na mawili tu, na tanuri zima linakuwa jipya. Yale kumi na mawili aliyaagiza kwa bei yake, ya hapa na pale hakuyataka.

Hilo jua nalo lina shingo. Ile heliamu niliyoitaja ndiyo majivu yake. Ikibaki ndani inazimisha moto, kama majivu yanavyozimisha jiko la mkaa, kwa hiyo lazima itolewe mfululizo. Ndiyo maana sumaku hazikufungwa kabisa. Ngozi ya nje ya plazma inaachwa ichuruzike kufuata mistari ya sumaku mpaka chini ya chombo, ambako kuna mfereji wa sahani za chuma za kuipokea. Sehemu hiyo inaitwa daivata. Wageni wakija kuangalia mtambo wanatazama juu, kwenye moto. Mafundi wanainama.

Nawapa hesabu, na naomba msiikimbie, ni ya darasa la saba. ITER inakusudia kutoa megawati 500 kwa kupashwa kwa megawati 50. Katika zile 500, sehemu nne kwa tano zinaondoka na nyutroni, ambazo sumaku haziwezi kuzizuia. Hizo zinapiga kuta za pande zote na joto lake ndilo linaloweza kuchemsha maji siku moja (ITER yenyewe haitazalisha umeme, ni ya majaribio). Megawati 100 zinabaki na heliamu. Jumlisha zile 50 za kupashia, unapata 150 ambazo lazima zitoke kupitia ngozi ya plazma. Ukuta wa ndani una eneo la kama mita za mraba 600. Ukigawa sawasawa, kila mita ya mraba inapata robo ya megawati. Jua la hapa Dubai saa saba mchana mwezi wa Julai, lile ambalo serikali inakataza watu kufanya kazi chini yake kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa, linatoa kama kilowati moja kwa mita ya mraba. Kwa hiyo hata ukigawa sawasawa ni sawa na majua 250. Kazi, lakini chuma chenye maji ndani kinaweza.

Tatizo ni kwamba haigawanyiki sawasawa. Ile ngozi inayochuruzika ni nyembamba ajabu, kwa ITER inakadiriwa unene wa kama milimita moja tu. Sehemu kubwa ya joto inafuata huo uzi na kutua kwenye mstari mwembamba unaozunguka sahani za chini. Zile sahani zimelazwa mshazari ili mstari utandazike, na bado zimetengenezwa kuhimili megawati 10 kwa kila mita ya mraba muda wote, na 20 kwa vipindi vifupi. Majua elfu kumi, wadau. Na bila ujanja mwingine nitakaoueleza, ingezidi hapo kwa mbali.

Hapa niwasimulie kitu nilichokiona kwa macho, maana ndicho kinachonifanya niamini hesabu hii kuliko video.

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye mtambo mmoja hapa nchini, jina nalihifadhi, bado nataka kula. Ukuta wa boila siyo bati, ni mabomba yaliyosimama bega kwa bega, maji ndani, moto nje. Kila tukizima tunapima unene wa mabomba kwa kifaa kinachotuma sauti kwenye chuma na kusikiliza mwangwi. Mwaka huo tulipima mamia ya pointi, tukachukua wastani, wastani ukawa mzuri. Karatasi ikapigwa mhuri. Wiki ya tatu baada ya kuwasha, bomba likapasuka. Mvuke ulitoka kwa sauti ambayo hata leo nikisikia breki za lori nageuka. Hakufa mtu, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula na sote tulikuwa nje.

Tulipofungua tukakuta mahali penyewe. Ni kona ambako gesi ya moto inageuka kuelekea kwenye dohani. Bomba lililokuwa na milimita sita lilibaki na chini ya mbili, kwa urefu wa shubiri moja tu. Kushoto zima, kulia zima. Majivu yanayoruka na gesi yalikuwa yanalipiga msasa pale pale kila siku, mchana na usiku. Hatukupima kona ile kwa sababu ngazi haikufika. Tulipima panapofikika, halafu tukajifariji kwa wastani.

Ndiyo maana mtu akiniambia "wameshika plazma kwa nyuzi milioni mia", swali langu ni moja tu: ile shubiri ya konani ina hali gani?

Na hao wanasayansi wenyewe hawafichi, wenye kuficha ni watengeneza video. Someni habari ya mtambo wa JET uliokuwa Culham, Uingereza, uliofanya kazi tangu 1983 mpaka Desemba 2023. Kwanza kuta zake zilivikwa kaboni, na kwa joto tu kaboni ni nzuri mno, haiyeyuki. Lakini inalika. Haidrojeni inaing'ata, chembe zinaruka, zinatua pembeni na kujijenga upya zikiwa zimebeba tritiamu ndani yake. Tritiamu ina mionzi, ni adimu, na huwezi kuacha ijifiche kwenye masizi. Kwa hiyo ukuta wa kaboni uking'olewa, na 2011 mtambo ukawashwa tena ukiwa na beriliamu ukutani na tungsteni chini. Fikirini kazi hiyo: kubadilisha ngozi yote ya ndani ya tanuri, kigae kwa kigae, kwa mikono ya roboti.

Tungsteni ndiyo metali inayochelewa kuyeyuka kuliko zote, nyuzi 3,422. Mpwa wangu anaijua, sindano yake ya kuchomelea kwa gesi ya agoni ni tungsteni. Waliozaliwa zamani mnaijua zaidi: ule uzi wa ndani ya balbu ya kizamani, uliokuwa ukikatika mvua ikinyesha, ndiyo hiyo. Lakini nayo ina ubaya wake. Chembe nzito za plazma zikiipiga, atomu zake zinachomoka. Atomu chache zikipenya mpaka katikati zinanyonya joto na kulitoa nje kama mwanga. Inatosha chembe moja katika laki moja kuanza kuuharibu moto. Yaani ukuta ukilika, siyo ukuta tu unaoumia, na chakula jikoni kinapoa. Boila langu halina adabu mbaya kiasi hicho.

ITER nao walikuwa wamepanga beriliamu kwa ukuta wa mbele. Beriliamu ikiingia kwenye plazma haisumbui sana, lakini inayeyuka mapema, karibu nyuzi 1,287, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu ya fundi. Mwaka 2023 walitoa pendekezo la kuiacha na kuvika tungsteni kote, na mpango mpya wa 2024 ukafuata hivyo. Mpango huo huo umesogeza mambo: zamani plazma ya kwanza iliahidiwa 2025, sasa majaribio yanatarajiwa kuanza 2034, na kuchoma tritiamu 2039. Mpwa wangu atakuwa baba wa watoto watatu. Miaka mitano ya video hiyo ilipatikana wapi sijui.

Sitaki muone kama nawacheka, kwa sababu wanayoyafanya kwenye ile shingo ni ya kuvua kofia. Ujanja mmoja ni kupuliza gesi kidogo, kwa mfano neoni au nitrojeni, karibu na sahani. Gesi hiyo inapokutana na mchuruziko wa moto inawaka na kutawanya joto kama mwanga pande zote, na kinachofika kwenye sahani kinakuwa kimepoa. Wakifanikiwa sana, moto unaachana na sahani kabisa na kuning'inia juu yake. Ukizidisha gesi unauzima moto wenyewe, ukipunguza unachoma sahani. Huo ndio ufundi, kama kuchezesha valvu ya jiko la gesi mtoto akiwa amelala mgongoni.

Ujanja mwingine ni wa babu mtupu: kurefusha dohani. Pale pale Culham kuna mtambo unaoitwa MAST Upgrade. Waliupa moto njia ndefu ya kutokea inayopinda kwenda nje, ili ufike kwenye sahani umechoka na umetandazika. Mwaka 2021 walitangaza kwamba joto linalofika kwenye chuma limepungua angalau mara kumi. Mara kumi! Nilisoma habari ile nikiwa kambini, nikacheka peke yangu mpaka jamaa wa kitanda cha juu, Mnepali, akauliza kuna nini. Nikamwambia babu yangu alikuwa mwanasayansi.

Na hata rekodi za 2025, mimi nazisoma kwa jicho la ukuta. Januari Wachina wa Hefei waliushikilia moto sekunde 1,066 kwenye mtambo wao wa EAST. Februari Wafaransa, kwa mtambo wa WEST, wakafika sekunde 1,337, dakika 22 na ushee. Magazeti yakaandika habari ya nyuzi joto. Kwangu habari ni kwamba tungsteni iliyopozwa kwa maji ilikaa mbele ya moto ule dakika 22, ikatoka salama. Hongera zao za dhati. Lakini boila ninayoihudumia mimi hukaa miezi kumi na moja bila kuzimwa, na mwenye mtambo akisikia unataka siku mbili zaidi za matengenezo anashika kichwa. Toka dakika 22 uende miezi kumi na moja, ndiyo safari iliyobaki.

Rekodi nyingine mliyoisikia, ya JET ya Oktoba 2023, ilikuwa megajuli 69 kutoka kwenye mafuta ya miligramu 0.2 tu. Kwa lugha ya nyumbani hizo ni kama uniti 19 za LUKU. Kwa mafuta usiyoweza kuyaona kiganjani, ni muujiza. Lakini uniti 19 zilikuwa za joto, siyo za umeme, na waliutia moto nguvu zaidi ya hiyo ili upatikane. Mtambo ulizimwa kwa heshima miezi miwili baadaye.

Mtaniuliza haya yananihusu nini mimi fundi wa Tanga niliyeko Dubai. Yananihusu kwa sababu moja ya sherehe za hili jambo ilifanyika hapa hapa. Tarehe 5 Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28 pale Expo City, John Kerry aliyekuwa mjumbe wa Marekani alitangaza mpango wa ushirikiano wa kimataifa wa nishati ya fyusheni, wenye kuhusisha zaidi ya nchi 30. Ilikuwa mwaka mmoja kamili tangu maabara ya Marekani ipate, kwa leza, megajuli 3.15 kutoka kwenye 2.05 zilizoingia kwenye shabaha (leza zenyewe zilikula kama 300 kutoka kwenye gridi, lakini hilo tuliache). Mimi siku ile nilikuwa Jebel Ali, vituo vichache kutoka pale, ndani ya bomba, nimelala chali. Usiku nikaona habari kwenye simu. Mpango una mambo ya utafiti, vipuri, sheria, na moja limenikaa: kuandaa wafanyakazi. Nikajiuliza, wafanyakazi gani na kutoka wapi?

Na hapo ndipo ninapogombana na watu wawili kwa pamoja: wanaomwambia kijana wetu jua limeshawaka, na wanaomwambia jambo hili la wazungu, sisi halituhusu.

Linatuhusu, tena kwa jiwe lenyewe. Tungsteni inachimbwa kwetu. Kaskazini ya Kigali, wilayani Rulindo, kuna mgodi wa Nyakabingo. Inatoka Kivu, inatoka Burundi, na Kigezi upande wa Uganda wameichimba miaka mingi. Ndiyo ile wolframu inayotajwa pamoja na bati na koltani watu wakizungumzia madini ya vita, mpaka Marekani ikatunga sheria mwaka 2010 ya kuyataka makampuni yake yaseme madini hayo yametoka wapi. Watu wamekufa mashimoni kwa ajili ya jiwe hili. China inatoa karibu asilimia 80 ya tungsteni ya dunia, na Februari 2025 iliweka vibali vya kuitoa nje, bei ikaanza kupanda. Kwa hiyo wanaotaka kujenga jua sasa wanaangalia ramani, na kwenye ramani tupo. Magunia ya mchanga yanashuka kutoka Maziwa Makuu kwenda bandarini, na ninapofungua boksi la sindano za kuchomelea hapa Dubai, limeandikwa majina ya nchi zisizo na hata kichuguu cha wolframu. Mimi linaniuma. Sisemi tujenge ITER ya Morogoro. Nasema ni aibu jiwe kuwa letu halafu tusiwe na vijana mia wanaojua kulichomelea, kulipima unene, kujua linapasuka kwa nini likiunganishwa na shaba. Maana ile sahani ya daivata ni hivyo: tungsteni mbele, bomba la aloi ya shaba ndani yake, maji yanapita. Metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, zimeunganishwa, zinapashwa na kupozwa mara maelfu. Daivata ya ITER ina vipande 54, kila kimoja kina uzito wa kama tani 10, na vitabadilishwa vikichakaa. Kazi hiyo ni ya nani kama siyo ya fundi?

Kuna hoja moja ya mpwa wangu nimeipa heshima yake. Ameniambia ndani ya mtambo ule mtu haingii, nyutroni zinaufanya chuma kiwe na mionzi, kwa hiyo ni roboti tupu, na roboti ni kompyuta. Kweli. Hapo kanibana. Lakini roboti la JET lilikuwa linaongozwa na mtu aliyekaa chumba cha pembeni, anayejua weld nzuri inafananaje na mbaya inafananaje. Kama hujawahi kuiharibu weld kwa mkono wako, utaitambuaje kwenye kioo? Asome kompyuta, sikatai. Aisome juu ya chuma, siyo badala yake.

Na wakati tunasubiri 2039, kazi ipo. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 na mitambo tisa, na kila panga la mtambo wa maji hulika. Olkaria Kenya mvuke wa ardhini unapita kwenye mabomba na chumvi zake. Hapa Warsan, Dubai, wamejenga mtambo wa kuchoma taka, tani karibu milioni mbili kwa mwaka, na Addis Ababa walikuwa na wao mdogo wa Reppie tangu 2018. Moshi wa taka una klorini, unakula mabomba kama mchwa. Kote huko anayetafutwa ni yule yule mwenye kipimo mkononi na ngazi inayofika konani.

Kwa hiyo dada, kwa heshima zote, jibu langu kwenye lile kundi ni hapana. Ada ya muhula nimeituma Alhamisi, imeandikwa jina la kozi ile ile. Ya kompyuta ya jioni nitaongeza mimi mwezi wa tatu, malipo ya ziada ya msimu yakitoka, na siyo kabla. Na wewe kijana, kwenye stoo ya babu kuna boksi la balbu za zamani. Chukua moja iliyoungua, ivunje ndani ya gunia usijikate, toa ule uzi uutazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona mahali pamoja pamekonda kabla ya pale ulipokatikia. Nipigie picha unitumie. Nataka kujua pamekonda upande gani, karibu na shina au katikati, na unadhani kwa nini.

Wadau wengine mwenye swali aulize, nitajibu Jumapili ijayo. Kesho saa kumi naingia tena tumboni, na safari hii ngazi ndefu nimeshaiomba.